Ufa ni wa Nani? Historia Fupi ya Mpangaji na Mtu wa Katikati

Sote tuliisoma shuleni: usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuliiandikia insha, tukatunga kisa cha mtoto aliyepuuza homa ndogo, tukapewa alama, tukaenda zetu. Ni majuzi tu, nikiwa mtu mzima mwenye mkataba wa kupanga, nilipoanza kuitazama vizuri. Hii ni methali ya mwenye nyumba. Inachukulia kwamba anayeuona ufa, mwenye ukuta, na mwenye uwezo wa kuuziba ni mtu mmoja.

Kwa mpangaji mambo hayako hivyo. Anayeuona ufa ni yeye, kwa sababu analala chini yake. Mwenye ukuta ni mtu ambaye pengine hajawahi kumtia machoni. Na katikati yao amekaa ajenti, ambaye hakai kwenye nyumba hiyo na wala si mali yake. Katika makala haya nataka kumfuatilia huyu mtu wa katikati: amefanya kazi gani hasa katika historia, na kwa nini majengo huanguka ilhali walioishi ndani yake, au hata serikali yenyewe, walikuwa wameshasema.

Ua mmoja

Hebu tuanze na nyumba ambayo haikuwa na ajenti. Nyumba ya Kiswahili, ile ya Majengo kule Mombasa, ya Kariakoo ya Dar es Salaam, au ya Pumwani hapa Nairobi, ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na ua nyuma penye jiko na choo. Mara nyingi mwenye nyumba alikaa chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Pumwani, mtaa ulioanzishwa na wakoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili kuwakusanya Waafrika wa mjini mahali pamoja, wengi wa wenye nyumba walikuwa wanawake waliojenga kwa pesa zao wenyewe.

Sitaki kuipamba picha hii. Vyumba vilijaa watu na kodi ilimuuma kibarua. Katika mgomo wa wafanyakazi wa Mombasa wa mwaka 1939, suala la makazi na kodi lilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa. Na mwenye nyumba aliyeamka vibaya angeweza kukutolea godoro nje kabla ya adhuhuri.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo leo ni adimu. Paa likivuja, lilivuja juu ya wote wawili. Choo kikijaa, harufu haikubagua. Mpangaji hakuhitaji kuandika barua. Alikutana na mama mwenye nyumba uani asubuhi, akamwamkia, kisha akamwambia. Mama angeweza kukataa, angeweza kugomba, ila hangeweza kusema hajasikia.

Faktori wa Glasgow

Sasa twende mbali kidogo, kwa sababu sheria za kupanga tulizorithi hazikuzaliwa hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, jiji la Glasgow huko Uskoti lilikuwa na majengo ya mawe ya orofa tatu au nne, ngazi moja, familia nyingi zikiishi katika chumba kimoja au viwili. Wenye majengo hawakukaa humo. Walimwachia kazi mtu aliyeitwa faktori. Faktori ndiye aliyechagua mpangaji, aliyekusanya kodi, aliyepokea malalamiko, na aliyeleta matarishi wa mahakama siku ya kufukuzwa. Ukimsoma vizuri utamtambua: ni ajenti wetu, tofauti ni kofia tu.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, maelfu ya wafanyakazi walimiminika Glasgow kujenga meli na kutengeneza silaha. Nyumba zikawa haba. Mwaka 1915 maajenti wakapandisha kodi, katika majengo yale yale ya zamani. Wanaume wengi walikuwa vitani au viwandani. Waliobaki nyumbani wakipokea notisi walikuwa wanawake.

Katika mtaa wa Govan, mama mmoja aitwaye Mary Barbour alikuwa miongoni mwa waliowapanga. Walikutana jikoni na uani. Walibandika madirishani karatasi za kutangaza kwamba hawalipi nyongeza na hawahami. Tarishi alipoonekana, aliyekuwa zamu alipiga kengele, na wanawake wakatoka na walichokuwa nacho mkononi: unga, nguo mbichi, maneno. Ngazi ilijaa watu na tarishi akarudi alikotoka.

Kuna kisa kimoja kilichosimuliwa na walioshiriki, nami naona kinaeleza kila kitu. Ajenti mmoja alimwendea mama mpangaji akamwambia kwamba majirani zake wote wameshalipa nyongeza, amebaki yeye peke yake. Mama akaogopa, akalipa. Baadaye ikajulikana kwamba hakuna aliyelipa. Mary Barbour akawatoa wanaume kwenye viwanda vya meli, wakaandamana hadi ofisi ya ajenti wakiwa na nguo zao za kazi, wakadai pesa ya yule mama irudishwe. Alipochungulia dirishani akairudisha.

Angalia uwongo wenyewe. Hakumwambia kwamba sheria inamtaka alipe. Alimwambia kwamba yuko peke yake. Hapo ndipo nguvu ya mtu wa katikati ilipokaa: kila mpangaji anamjua ajenti, ajenti anawajua wote, lakini wapangaji hawajuani.

Kufikia Novemba 1915 inakadiriwa kaya 20,000 zilikuwa kwenye mgomo. Novemba 17, wapangaji 18 walipofikishwa mahakamani ili kodi ikatwe kwenye mishahara yao, maelfu walijaa nje ya jengo na kazi ikasimama katika baadhi ya viwanda vya meli. Serikali iliyokuwa ikihitaji mizinga na manowari haikuwa na hamu ya kubishana. Kesi ikaachwa. Desemba 1915 sheria ikapita Uingereza, ikirudisha kodi za nyumba ndogo katika kiwango cha Agosti 1914.

Ulikuwa ushindi mkubwa, na Govan leo ina sanamu ya Mary Barbour iliyozinduliwa mwaka 2018. Ila tusome kilichoshindwa ni nini. Serikali iliweka mpaka kwenye kodi. Ilikuwa bado haijamwekea mtu yeyote saa ya kujibu mpangaji anapogonga mlango na kusema ukuta unatoa maji.

Shilingi 2,500

Fikra hiyo ya kudhibiti kodi ilisafiri na dola ya Kiingereza hadi makoloni. Kenya tunayo mpaka leo Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ya mwaka 1959. Inaunda baraza la kusikiliza mizozo ya mwenye nyumba na mpangaji, na inamlinda mpangaji asipandishiwe kodi kiholela au kutupiwa vyombo nje. Sheria nzuri. Lakini inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi.

Shilingi 2,500! Kiwango hicho hakijaguswa kwa miongo kadhaa. Jaribu leo kutafuta chumba chenye choo ndani Nairobi kwa pesa hiyo, kisha uniite. Mlango wa baraza uko wazi, lakini kila mwaka kodi inapopanda watu wengine wanasukumwa nje ya kizingiti.

Upande wa pili wa daftari kuna Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293. Hii inamruhusu mwenye nyumba, kodi ikichelewa, amtume dalali aje kuchukua runinga na viti vyako bila kwanza kwenda mahakamani kuthibitisha deni. Anayelindwa na baraza la kodi ndiye ambaye kwake ruhusa ya baraza inahitajika kwanza. Sasa weka sheria hizi mbili bega kwa bega. Mpangaji akichelewa, kuna utaratibu, kuna dalali, kuna gari la kubebea mali. Mwenye nyumba akichelewa kuziba ufa, kuna nini? Kuna ujumbe unaosema, "Tumepokea."

Katikati ya sheria hizi ndipo ajenti wa Nairobi alipostawi. Jiji lilipoanza kujengwa majumba marefu ya vyumba kimoja kimoja, Huruma, Mathare, Pipeline, Kayole, aliyewekeza alikuwa anaishi kwingine kabisa. Alihitaji mtu wa kumkusanyia. Tangu mwaka 1984 tuna Sheria ya Maajenti wa Nyumba inayowataka wasajiliwe, ila si kila mwenye meza, kiti na kitabu cha risiti anasajiliwa. Chini ya ajenti akawekwa keateka, ambaye hupewa chumba karibu na geti na lawama zote za jengo. Kwa hiyo leo malalamiko ya mpangaji yana ngazi tatu za kupanda kabla ya kumfikia mwenye pesa ya ukarabati, na kila ngazi ina sababu yake ya kuyaacha pale pale.

Maji na stima

Nilipata kuishi katika jengo moja la orofa tano, mashariki ya jiji, lililosimamiwa na kampuni ambayo sitaitaja. Bomba lilipasuka ndani ya ukuta orofa ya tatu. Maji yakawa yanashuka taratibu hadi kwenye sanduku la mita za stima, pale ngazini, ambapo watoto hupita kwenda shule. Ukutani ukigusa ulihisi mtetemo mdogo. Fundi wa mtaani aliyekuja kuniona kwa shughuli nyingine alisimama pale, akatikisa kichwa, akasema, "Hapa mtu atakufa, hivi hivi unavyoona."

Nilituma picha. Nikajibiwa: tumepokea, tunafuatilia. Nilipiga simu wiki iliyofuata. Mwenye jengo hajaidhinisha. Basi nipeni namba yake nimweleze mwenyewe. Hairuhusiwi. Keateka, kijana mwungwana kweli kweli, alifunika sanduku kwa karatasi ya nailoni na kuweka ndoo chini. Hakuwa na bajeti ya kitu kingine. Siku hizo zote, ujumbe wa kukumbusha kodi ulifika tarehe 3 bila kukosa, na ule wa faini tarehe 6.

Kilichobadilisha mambo ni mama mmoja wa orofa ya nne, muuza mitumba, ambaye alipita mlango kwa mlango jioni moja akiuliza swali moja tu: "Wewe uliambiwa nini?" Ndipo tukajua kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameshaandika. Na kila mmoja, mama huyo akiwemo, alikuwa ameambiwa na ofisi kwamba majirani hawajalalamika, pengine shida iko kwenye nyumba yake.

Niliposoma baadaye kisa cha yule mama wa Glasgow, nilicheka peke yangu. Miaka mia na zaidi, na uwongo ni ule ule.

Tuliandika barua moja, kaya 14, sahihi 14, nakala moja kwa kampuni ya stima. Tukaipeleka kwa mkono na kutaka igongwe muhuri. Fundi wa stima alikuja kesho yake. Fundi wa bomba alichukua wiki tano, na nilipohama ukuta ulikuwa bado una doa.

Huruma

Usiku wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la orofa sita liliporomoka Huruma, kando ya mto. Walikufa takribani watu 50. Wanaokumbuka siku zile wanamkumbuka mtoto mchanga wa kike aliyetolewa akiwa hai ndani ya beseni baada ya saa 80 hivi, na watu wanne waliookolewa siku ya sita, mmoja wao mama mjamzito.

Kinachokumbukwa kidogo ni kwamba jengo lile halikuwa siri. Maafisa wenyewe walieleza kwamba lilikuwa limeshatajwa kuwa si salama na kuorodheshwa kubomolewa. Serikali ilikuwa imeona ufa. Lakini kodi iliendelea kukusanywa na watu waliendelea kulala.

Watu huuliza, kwa nini wapangaji hawakuhama? Mwenye kuuliza hivi hajawahi kutafuta nyumba katikati ya mwezi akiwa na pesa ya nauli tu. Kuhama ni dipoziti mpya, kodi ya mwezi wa kwanza, mkokoteni, na shule ya watoto. Alama nyekundu ya X inayochorwa kwenye kuta za Nairobi inamwambia mpangaji kwamba nyumba ni hatari, lakini haimwambii aende wapi, na haimrudishii dipoziti. Ile X inasomwa na mtu ambaye hana la kufanya nayo. Anayeweza kufanya jambo hapiti hapo.

Siku kumi

Rahisi kusema haya ni matatizo yetu ya umaskini na hongo. Basi tazama London, mwaka mmoja baada ya Huruma. Juni 14, 2017, friji moja ilishika moto orofa ya nne ya mnara wa Grenfell, jengo la orofa 24 lililokuwa mali ya halmashauri ya mojawapo ya maeneo tajiri zaidi ya jiji hilo, na kusimamiwa na shirika la kati. Moto ukapanda kwa nje kupitia mabamba yaliyobandikwa katika ukarabati uliomalizika mwaka 2016. Watu 72 wakafa.

Wapangaji wa Grenfell hawakunyamaza. Kundi lao lilikuwa likiandika mtandaoni kwa miaka kadhaa. Mwaka 2013 mwanasheria wa halmashauri aliwaandikia akidai maandishi yao yanachafua jina. Novemba 2016 walionya kwamba ni janga la vifo tu litakalofichua uzembe wa wasimamizi wao. Walikuwa wameungana, wameandika, na wameandika vizuri. Hawakusikilizwa. Somo la Glasgow, kwamba tuungane, ni la kweli, lakini Grenfell inatuonyesha kwamba halitoshi. Sauti ya pamoja nayo inaweza kupokelewa na kuwekwa kwenye faili, ikiwa kunyamaza hakumgharimu kitu anayepokea.

Miaka mitatu baadaye, Desemba 2020, katika mji wa Rochdale kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki kwa maradhi ya kupumua yaliyotokana na kuvu lililojaa kwenye nyumba yao. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba yake alianza kulalamika mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu ya kuvu. Familia ilipoleta wakili, ukarabati ukasubiri mawakili waelewane.

Familia hiyo ilipigania jambo dogo na zito: tarehe. Sheria inayoitwa kwa jina la mtoto wao ilianza kutekelezwa Oktoba 27, 2025 kwa nyumba za kijamii nchini humo. Hatari ya dharura lazima ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu vyenye kuhatarisha afya lazima vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Ukikaa kimya zaidi ya hapo, umevunja sheria, na mpangaji anaweza kukupeleka mahakamani kwa kimya hicho.

Kwangu mimi hii ndiyo hatua ambayo historia hii ilikuwa inaisubiri tangu ile kengele ya Govan. Mwaka 1915 wapangaji waliwekewa mpaka wa kodi. Iliwachukua zaidi ya miaka mia moja kuwekewa mpaka wa kimya, na hata huo kwa kuanzia ni wa nyumba za kijamii tu. Anayepanga kwa mtu binafsi bado anasubiri foleni.

Sisi tuna Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inayompa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Ni maneno mazuri, na nayaheshimu. Lakini haki isiyo na tarehe ajenti ataipokea kama anavyopokea picha ya ufa: tumepokea, tunafuatilia. Tunachohitaji kinaweza kuandikwa kwenye nusu ukurasa. Jina na mawasiliano ya mwenye nyumba yawe kwenye mkataba. Malalamiko ya usalama yajibiwe kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa. Na siku hizo zikipita, kodi ilipwe kwa baraza, si kwa ajenti, hadi ufa uzibwe. Hayo ya mwisho yatapigwa vita, najua. Ndiyo yenye meno.

Nikimaliza kuandika haya nautoa mkataba wangu wa sasa kwenye faili. Una kurasa nne. Kuna tarehe ya kulipa kodi, tarehe ya kuanza faini, idadi ya siku za notisi nikitaka kuhama. Upande wa mwenye nyumba hakuna tarehe hata moja. Toa na wewe wa kwako uangalie. Ukiikuta, niandikie, nitafurahi kuisoma.